Mkandarasi, Mjumbe na Mtetezi: A. M. Jeevanjee na Swali la Jamii katika Afrika ya Mashariki, 1890–1936

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maisha ya Alibhai Mulla Jeevanjee (1856–1936), mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi aliyeingia Mombasa mwaka 1890. Huyu alikuwa mkandarasi wa Reli ya Uganda, mwasisi wa gazeti, mjumbe wa kwanza asiye Mzungu katika Baraza la Kutunga Sheria la nchi ambayo leo ni Kenya, na miongoni mwa waasisi wa chama kikuu cha kisiasa cha Wahindi wa Afrika ya Mashariki. Hoja kuu ni kwamba nyanja tatu za maisha yake, yaani biashara, utumishi wa umma na utetezi wa jamii, zilitegemeana: mali ilimpa kiti, kiti kikamwonyesha mipaka ya mali, na mipaka hiyo ikamsukuma kwenye utetezi. Hata hivyo, utetezi wake ulijengwa juu ya maana finyu ya neno jamii. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha jinsi bustani aliyoitoa kwa wakazi wa Nairobi ilivyokuja kubeba maana pana kuliko siasa zake mwenyewe.

Istilahi muhimu: Reli ya Uganda, Wahindi, Baraza la Kutunga Sheria, Waraka wa Devonshire, jamii, bustani ya umma

1.0 Utangulizi

Historia ya ukoloni katika Afrika ya Mashariki imezoea kuandikwa kwa kutumia wahusika wawili: mtawala wa Kizungu na mtawaliwa wa Kiafrika. Mhusika wa tatu, Mhindi, huingizwa kama mwenye duka asiye na jina, anayeuza chumvi, shanga na amerikani, kisha hutoweka ukurasa unapofunuliwa. Picha hii ina ukweli kiasi, kwani duka la Mhindi lilikuwa kiungo muhimu kati ya mkulima wa ndani na soko la pwani. Lakini inaficha jambo kubwa. Katika miaka ya mwanzo ya ukoloni walikuwapo Wahindi waliokuwa na mitaji mikubwa kuliko walowezi wengi wa Kizungu, waliokopesha, waliojenga na waliokodisha majengo kwa serikali yenyewe. Walitarajia kwamba mchango huo ungewapa haki sawa na raia wengine wa dola ya Kiingereza. Matarajio hayo hayakutimia.

Makala haya yanamtazama mmoja wao. Uteuzi wa Jeevanjee hautokani na utajiri wake pekee, kwani Allidina Visram, aliyeanzia Bagamoyo na kueneza maduka hadi Kampala, huenda alikuwa na mtandao mpana zaidi wa biashara. Jeevanjee anafaa kuchunguzwa kwa sababu alivuka kutoka biashara hadi siasa za wazi, na kwa kuvuka huko aliacha kumbukumbu ya mvutano ambao nchi za ukanda huu bado zinauishi: nani ni mwenyeji, nani ni mgeni, na anayeitwa mtetezi wa jamii anatetea jamii ipi.

Ni vyema kueleza matumizi ya istilahi mbili. Neno Wahindi limetumika hapa kwa maana yake ya kihistoria, kuwataja watu wote waliotoka katika Bara Hindi kabla ya mgawanyo wa mwaka 1947, wakiwemo waliotoka Karachi ambayo leo imo Pakistan. Neno jamii nalo lina utata katika Kiswahili. Huweza kumaanisha kundi dogo lenye asili, dini au lugha moja, kama tusemapo jamii ya Wabohora. Tena huweza kumaanisha umma mzima unaoishi pamoja katika nchi. Utata huu ndio kiini cha mjadala unaofuata.

2.0 Kutoka Karachi hadi Mombasa

Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856 katika familia ya Kibohora isiyokuwa na uwezo mkubwa. Hakupata elimu rasmi ya kutajika. Alijifunza biashara kwa kuzunguka katika miji ya Bara Hindi, na kabla ya kuja Afrika alikuwa amefika Australia, ambako alijaribu biashara ya bidhaa za Mashariki. Mwaka 1890 alifungua tawi la kampuni yake Mombasa. Wakati huo bandari hiyo ilikuwa katika ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar, lakini uendeshaji wake ulikuwa umeingia mikononi mwa Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888.

Kampuni hiyo ilikuwa na eneo kubwa kwenye ramani na watumishi wachache ardhini. Ilihitaji askari, mafundi, vifaa na chakula. Jeevanjee alikuwa na alichohitaji mteja wa namna hiyo: mawakala Karachi na Bombay, ujuzi wa kukodi meli, na uzoefu wa kuajiri watu. Serikali ya Uingereza ilipochukua mamlaka mwaka 1895 na kuamua kujenga reli kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria, mkandarasi wa kampuni akawa mkandarasi wa serikali. Kundi la kwanza la vibarua takriban 350 waliotoka Bara Hindi lililetwa kwa mkono wake. Baadaye serikali yenyewe ilisimamia uajiri, na hadi kazi ilipokwisha zaidi ya vibarua 31,000 walikuwa wameletwa kwa mikataba. Takriban 2,500 kati yao walifia kazini, kwa maradhi, ajali na wanyama wakali. Zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au walemavu. Wengi walirejea makwao mikataba ilipokwisha, na kadiri ya 6,700 walibaki.

Takwimu hizi zinapaswa kusomwa kwa uangalifu. Mara nyingi hutumiwa kuthibitisha kwamba Wahindi waliijenga nchi, na hoja hiyo ina haki yake. Lakini zinaonyesha pia tofauti kubwa ya kitabaka ndani ya kundi lililoitwa kwa jina moja. Kibarua aliyepasua mwamba Taru na tajiri aliyeandaa mkataba wa kumlisha walitoka bara moja na pengine walisafiri kwa meli moja, lakini hawakuwa na maslahi yaleyale. Lugha ya Kiswahili imehifadhi kumbukumbu ya yule wa kwanza katika neno kuli, lililohama na watu hao na likaja kumtaja mchukuzi wa bandarini wa asili yoyote. Yule wa pili aliitwa tajiri, na heshima aliyopewa ilikuwa ya aina nyingine.

Kandarasi za reli hazikuishia katika kuleta watu. Kampuni ya Jeevanjee ilisambaza chakula, ilichukua kazi za kuchimba na kusawazisha udongo, na ilijenga nyumba za watumishi na majengo ya stesheni. Reli ilianzia Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi katikati ya mwaka 1899, na mwishoni mwa mwaka 1901 ikagusa ziwa mahali ambapo leo ni Kisumu. Inafaa kukumbuka kwamba eneo hilo la ziwa lilikuwa bado katika mamlaka ya Uganda, na lilihamishiwa upande wa mashariki mwaka 1902. Kwa hiyo historia ya mkandarasi huyu haiwezi kufungwa ndani ya mipaka ya Kenya ya leo. Njia aliyosaidia kuijenga ndiyo iliyobeba pamba ya Uganda, ndiyo iliyowafikisha wenye maduka Jinja na Kampala, na ndiyo iliyoifanya Nairobi, kambi ya reli kwenye tambarare yenye majimaji, kuwa mji.

3.0 Majengo, gazeti na bustani

Reli ilipofika Nairobi, Jeevanjee aliufuata mji. Alijenga majengo mengi ya awali na kuyakodisha, serikali ikiwa miongoni mwa wapangaji wake. Tauni ilipozuka mwaka 1902, wakuu wa afya waliamuru Bazari ya Wahindi iteketezwe kwa moto. Hatua hiyo iliondoa maradhi kwa muda, lakini iliacha pia wazo lililodumu kwa miaka mingi: kwamba uchafu ulikuwa sifa ya Mhindi na si matokeo ya manispaa kutotoa maji na mifereji. Wazo hilo baadaye likawa hoja ya kutenganisha makazi kwa misingi ya rangi. Jeevanjee alijenga soko lililojulikana kwa jina lake, na kwa miaka kadhaa mji uliuza na kununua chakula ndani ya kuta alizozilipia.

Mwanzoni mwa karne ya 20 alianzisha Mombasa gazeti lililoitwa African Standard, akamwajiri mhariri Mwingereza. Mwaka 1905 aliliuza kwa Wazungu wawili, nalo likaitwa East African Standard, kisha likahamia Nairobi. Gazeti hilo likawa sauti kuu ya walowezi. Katika kurasa zake, kwa miongo iliyofuata, hoja za kuwazuia Wahindi kupata ardhi, kuingia nchini na kupiga kura zilichapishwa mara kwa mara. Mwasisi wake alilazimika kutafuta majukwaa mengine ya kujibu, mengi yakiwa nje ya nchi. Kwa mtazamo wa biashara, mauzo yale huenda yalikuwa uamuzi wa kawaida. Kwa mtazamo wa siasa, Jeevanjee aliuza chombo ambacho hakuna fedha iliyoweza kukirudisha.

Mwaka 1906 alitoa kwa wakazi wa Nairobi kiwanja cha ekari kadhaa katikati ya mji kiwe bustani ya umma. Ndani yake aliweka sanamu ya Malkia Victoria, iliyozinduliwa na mwana wa malkia huyo, Mtawala wa Connaught. Sanamu ile inaeleza kwa uwazi imani ya kisiasa ya mtoaji. Hakuwa mpinga dola. Alikuwa raia wa dola aliyeisadiki ahadi yake ya kwamba raia wote wa malkia, wa rangi na dini yoyote, ni sawa mbele ya sheria. Kuweka sanamu ya malkia kulikuwa pia kumkumbusha mtawala ahadi hiyo hadharani.

4.0 Kiti kimoja barazani

Ahadi hiyo ilikuwa tayari imeanza kuvunjwa. Kamishna Charles Eliot, aliyetawala kuanzia 1900 hadi 1904, aliamini kwamba nyanda za juu zilifaa kuwa makazi ya Wazungu, na aliwaita walowezi waje kulipa gharama ya reli kwa kilimo. Ardhi waliyopewa haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya Wamaasai na mashamba na mbuga za Wakikuyu, Wakamba, Wanandi na wengineo. Mwaka 1906, na tena mwaka 1908, Waziri wa Makoloni Lord Elgin aliweka bayana kwamba haikuwa sera ya serikali kuwagawia Wahindi ardhi katika nyanda hizo. Maelezo yalikuwa kwamba hatua hiyo ni ya kurahisisha utawala na wala si sheria ya ubaguzi. Matokeo yake hayakutofautiana na sheria.

Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka 1907. Wajumbe wake wote walikuwa Wazungu. Baada ya Wahindi kulalamika, Jeevanjee aliteuliwa, na kati ya mwaka 1909 na 1911 alikuwa mjumbe wa kwanza asiye Mzungu. Uteuzi huo una maana mbili. Kwa upande mmoja ulivunja desturi: mtu ambaye hangeruhusiwa kununua shamba Limuru aliketi katika chumba kilichojadili sheria za ardhi. Kwa upande mwingine, kura moja kati ya kura za maofisa na walowezi haikuweza kubadili muswada wowote. Kiti kilikuwa cha kuteuliwa, hakikuwa cha kuchaguliwa, na aliyekitoa angeweza kukiacha wazi. Muda wake ulipokwisha, Wahindi walikaa kwa miaka kadhaa bila mwakilishi.

Hapa ndipo uhusiano wa nyanja tatu unapoonekana wazi. Jeevanjee aliteuliwa kwa sababu alikuwa tajiri aliyejulikana na magavana na aliyeipangisha serikali majengo. Mali ilimfikisha barazani, lakini haikumpa nguvu ndani yake. Somo alilolipata ni kwamba mtu mmoja, hata awe na uwezo gani, hawezi kudai haki ya kundi kwa hisani ya mtawala. Baada ya miaka ile nguvu zake zilielekezwa katika kuunda vyama, kusafiri na kushawishi.

Ni lazima pia kueleza kilichokosekana barazani. Waafrika, waliokuwa wengi mno kuliko wote na waliolipa kodi ya nyumba iliyoendesha utawala, hawakuwa na mjumbe hata mmoja. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944, miaka 35 baada ya Jeevanjee. Madai ya Wahindi ya miaka hiyo ya mwanzo hayakuliweka pengo hilo mbele.

5.0 Utetezi na mipaka yake

Utetezi wa pamoja wa Wahindi ulianza Mombasa mwaka 1900, ulipoundwa ushirika wa wafanyabiashara ambao Jeevanjee alikuwa mmoja wa nguzo zake. Mwaka 1914 vyama vya miji mbalimbali viliungana Mombasa kuunda East African Indian National Congress, jina lililofuata mfano wa chama cha ukombozi cha Bara Hindi. Jeevanjee aliongoza hatua hizo za mwanzo. Madai yalikuwa manne: haki ya kumiliki ardhi nyanda za juu, uwakilishi barazani, kupingwa kwa utenganishaji wa makazi na biashara mijini, na uhuru wa kuingia nchini.

Kabla ya hapo, mwaka 1910, alikuwa amekwenda London. Katika mahojiano na gazeti la huko alieleza jinsi Wahindi walivyotendewa, kisha akatoa pendekezo lililomfuata maisha yake yote: kwamba nchi hii iunganishwe na Dola ya Hindi na kutawaliwa kama jimbo lake, kwani muda si mrefu ingekuwa Hindi ya pili. Mwaka 1912 alichapisha Bombay kijitabu cha kuwatetea Wahindi wa Afrika ya Mashariki, na suala lao likawa ajenda katika mikutano ya kisiasa ya Bara Hindi.

Pendekezo la 1910 halipaswi kufichwa wala kutengwa na mazingira yake. Lilitolewa na mtu aliyeona walowezi wachache wakidai nchi nzima kuwa yao, naye akajibu dai kwa dai. Walowezi walisema nchi hii ni ya mzungu. Yeye akasema inaweza kuwa ya Mhindi. Pande zote mbili zilitumia mantiki moja, kwamba ardhi ni ya anayeweza kuiendeleza kwa mtaji. Wenye ardhi hawakuulizwa. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na kwa miaka mingi siasa za Kenya zilikuwa za fahali hao wawili. Aidha, pendekezo lenyewe liliwapa walowezi silaha: kila Wahindi walipodai usawa, walijibiwa kwamba wanachotaka kwa hakika ni utawala.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza mgogoro ulipamba moto. Mwaka 1919 ripoti ya tume ya uchumi iliwashutumu Wahindi kwa maneno makali, ikidai kwamba uwepo wao unawaharibu Waafrika. Mwaka 1920 nchi ikawa koloni, na Wazungu pekee wakapiga kura ya kuchagua wajumbe. Wakati huo kizazi kipya cha viongozi wa Kihindi kilikuwa kimejitokeza, kikiongozwa na Manilal Desai, mwandishi wa habari ambaye hakuwa tajiri. Tofauti kati ya Desai na Jeevanjee inafundisha. Desai aliona kwamba Wahindi hawangeweza kushinda peke yao. Ofisi ya gazeti lake ilikuwa wazi kwa Harry Thuku, kijana aliyepinga kipande, kodi na kukatwa kwa mishahara, na mitambo yake ilichapisha maandishi ya Waafrika. Mkutano ulioongozwa na Thuku mwaka 1921 ulikanusha madai kwamba Wahindi ni adui wa Mwafrika. Thuku alikamatwa Machi 1922, na umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ukafyatuliwa risasi. Zaidi ya watu 20 waliuawa, wakiwemo wanawake.

Mwaka uliofuata walowezi walifikia hatua ya kupanga uasi na hata kumteka gavana iwapo London ingewapa Wahindi usawa. Ujumbe wa Wahindi ulikwenda Uingereza, Jeevanjee akiwemo, akiwa na umri wa karibu miaka 67. Julai 1923 serikali ilitoa tamko lijulikanalo kama Waraka wa Devonshire. Liliamua kwamba Kenya ni nchi ya Kiafrika na kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatangulie. Papo hapo likathibitisha kwamba nyanda za juu zitabaki kwa Wazungu. Wahindi walipewa viti vitano, lakini wapige kura katika daftari lao peke yao. Utenganishaji wa makazi uliachwa.

Kwa Jeevanjee hili lilikuwa pigo. Alidai daftari moja la wapiga kura kwa raia wote wenye sifa, akapewa kura ya kundi. Ni dhahiri kwamba kutangulizwa kwa maslahi ya Waafrika kulitumiwa kama njia ya kuwanyima Wahindi bila kuwakasirisha walowezi, kwani hakuna ardhi iliyorudishwa wala Mwafrika aliyepewa kiti. Hata hivyo kanuni ilikuwa imeandikwa. Wanasiasa wa Kiafrika waliofuata waliitumia kwa uzito ambao walioiandika hawakuukusudia. Walichoshindwa kukipata Wahindi kwa jina la usawa wa raia wa dola, Waafrika walikuja kukidai kwa jina la haki ya mwenyeji.

6.0 Mali kupungua, bustani kubaki

Miaka ya mwisho ya Jeevanjee haikuwa ya neema. Siasa zilikula muda na fedha. Kandarasi za serikali hazikumfuata mtu aliyeishutumu serikali hadharani, na biashara zake, zikiwemo za meli, zilipata hasara. Alifariki Nairobi mwaka 1936 akiwa na sehemu ndogo tu ya mali aliyowahi kuwa nayo. Majengo mengi yalikwishaingia mikononi mwa wengine. Kilichobaki bila kuuzwa ni kile alichokwisha kukitoa: bustani.

Bustani ya Jeevanjee iko kati ya barabara zinazoitwa leo Moi na Muindi Mbingu. Majina ya barabara yamebadilika na bendera imebadilika, lakini mahali hapo pameendelea kuwa pa mtu asiye na pengine pa kukaa bila kununua kitu: kibarua anayesubiri kazi, mhubiri, mwanafunzi, mpiga picha, mzee anayesoma gazeti la jana. Kuanzia miaka ya 1990 pamekuwa pia ukumbi wa Bunge la Mwananchi, baraza la watu wa kawaida wanaojadili bei ya unga, katiba na mwenendo wa viongozi, kwa Kiswahili.

Mwaka 1991 palitolewa mpango wa kujenga maegesho ya magari ya ghorofa na majengo mengine mahali hapo. Ulikuwa wakati ambao viwanja vya umma vilitwaliwa kwa urahisi na wapingaji waliogopa kusema. Miaka miwili kabla, Wangari Maathai alikuwa amepinga ujenzi wa jengo refu katika Bustani ya Uhuru, akatukanwa bungeni, na hatimaye akashinda. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, aliongoza upinzani dhidi ya mpango wa maegesho, na mpango huo ukaachwa. Baadaye aliandika wasifu wa babu yake, na kazi hiyo ndiyo iliyolirudisha jina lake katika mjadala wa historia ya Kenya.

Tukio hilo lina uzito kuliko ushindi juu ya kiwanja. Kwa Wahindi wengi wa Kenya, miaka ya baada ya uhuru ilikuwa ya kunyamaza. Kufukuzwa kwa Waasia Uganda mwaka 1972 kuliwafundisha kwamba anayejitokeza huonekana, na anayeonekana huweza kuambiwa aende kwao. Kupinga hadharani unyakuzi wa ardhi ya umma, kwa jina la babu aliyekuja kutoka Karachi, kulikuwa kudai uraia kwa njia tofauti na ile ya mwaka 1910. Safari hii hakikudaiwa kitu cha Wahindi. Kilichotetewa ni haki ya kila mkazi wa Nairobi kukaa chini ya mti.

Sanamu ya Malkia Victoria iliharibiwa na watu wasiojulikana mwaka 2015. Watumiaji wa bustani waliendelea kuja kama kawaida.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kumsoma Jeevanjee kama tajiri mfadhili pekee, au kama mpigania haki pekee, au kama mkoloni mdogo pekee, ni kuchukua theluthi ya maisha yake na kuiita yote. Kandarasi zake zilitegemea ukoloni na kazi ngumu ya vibarua wengi. Kiti chake barazani kilikuwa hatua ya kwanza ya kuvunja utawala wa rangi moja, na hapohapo kilikuwa pambo lisilo na nguvu. Utetezi wake ulifichua uongo wa usawa katika dola ya Kiingereza, lakini kwa miaka mingi uliona upande mmoja tu wa uongo huo.

Kwa taaluma ya historia katika ukanda huu, mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, historia ya Wahindi isiandikwe kando na historia ya Waafrika wala ndani ya mipaka ya nchi moja; reli, gazeti, duka na chama vyote vilivuka mipaka hiyo. Pili, kila anayejiita au kuitwa mtetezi wa jamii aulizwe swali ambalo Kiswahili kinalibeba ndani ya neno lenyewe: je, ni jamii ile ya waliotoka naye mahali pamoja, au ni jamii ya wote anaoishi nao? Jeevanjee alijibu kwa njia ya kwanza alipozungumza London mwaka 1910. Kwa hati ya bustani ya mwaka 1906, pengine bila kulikusudia kikamilifu, alikuwa ameshajibu kwa njia ya pili, na jibu hilo ndilo lililodumu.